Kifua cha Mtoto wa Belina

Siku yangu ya kwanza kazini sikumgusa mtoto hata mmoja. Niliripoti kituo cha afya Tunduma nikiwa na sare mpya iliyopigwa pasi mpaka ikakakamaa. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, mtu mfupi asiyependa salamu ndefu, badala ya kunipeleka kwenye watoto akanipeleka kwenye friji. Ilikuwa friji ya mafuta ya taa. Chanjo lazima zikae kwenye ubaridi tangu zinapotoka kiwandani hadi zinapoingia mwilini mwa mtoto. Safari hiyo ndiyo tunayoiita mnyororo baridi, na pale kwetu mnyororo wote ulitegemea utambi mmoja. Utambi ukianza kutoa moshi, friji inapata joto na chanjo zinakufa.

"Ukijua kutunza utambi huu utajua kutunza mtoto," akaniambia. "Wote wawili hawasemi wanapoumwa."

Nilikuwa nimechuchumaa napunguza utambi, masizi yamejaa puani, pale binti mwingine mwenye sare mpya kama yangu alipoingia. Huyo alikuwa Belina. Tulipangiwa kituo kimoja siku moja, ila yeye usafiri wa kutoka kwao Kamsamba ulimchelewesha, akafika kazi ya friji imeshagawiwa. Kwa hiyo akakabidhiwa mzani. Mimi niliyewahi nikapewa masizi, na aliyechelewa akapewa watoto. Nawaambia mapema, ninyi mnaosomea uuguzi leo, ili mjue anayewasimulia ni nani: mimi ni mtu mwenye wivu. Sikuupata uzeeni, na sijawahi kuona dawa yake kwenye kabati la kituo chochote.

Wakati huo hapakuwa na mkoa wa Songwe. Tulikuwa wilaya ya Mbozi, mkoa wa Mbeya, na Tunduma ilikuwa mji wa mpakani wenye vumbi, mahindi na wabadilisha fedha. Kliniki ya watoto ilikuwa na meza tatu: ya kadi, ya mzani na ya chanjo. Mzani wetu ulikuwa wa kutundika, una uso wa duara kama saa ya ukutani na ndoano chini yake. Mtoto anavalishwa suruali ya turubai, anatundikwa, analia, na wewe unasoma mshale. Uzito wake unautia nukta kwenye kadi, na nukta za kila mwezi zikiunganishwa zinakuwa mstari. Mstari ukipita kwenye kijani mtoto anakua vizuri, ukishuka kwenye kijivu unauliza maswali, ukifika kwenye nyekundu unaacha maswali unatafuta gari. Mratibu wa Afya ya Mama na Mtoto wa Wilaya, mama mrefu aliyekuwa akija kutukagua bila taarifa, alitufundisha neno moja ambalo nimelitumia maisha yangu yote: "Asiyelia kwenye mzani ndiye wa kumtazama mara mbili."

Belina aliutawala mzani ule. Alikuwa na namna ya kumtundika mtoto huku akimwimbia jina lake, na kina mama wakampenda kupita kiasi. Hata waliovuka kutoka Zambia walikuwa wakifika mezani kwangu, wananisalimu kwa Kibemba na kuniambia, "Mwapoleni mukwai, tunamtaka ba Belina." Mimi niko palepale, mikono mitupu, meza safi. Nikiwaambia hata mimi nimesomea, wanatabasamu na kurudi kwenye foleni yake.

Tuliolewa mwaka mmoja na tukajifungua majira mamoja. Wangu ni binti, Lugano. Wake ni wa kiume, Sebastian, tukimwita Seba. Mume wa Belina alikuwa mkulima wa mpunga kule kwao Kamsamba, fedha anaiona wakati wa mavuno tu. Baba Lugano alikuwa mfanyabiashara wa mpakani, na ruksa, yaani uhuru wa kuingiza bidhaa kutoka nje, ilikuwa imeshatolewa. Waliopanga foleni ya sabuni na kula sukari ya kupimiwa na balozi wa nyumba kumi wanajua neno hilo lilitufanyia nini. Ghafla maduka yalijaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona, na kimojawapo kilikuwa kichupa cha kahawia kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, chenye mrija wa kudondoshea na kipira juu yake. Ndani mna vitamini za kila aina zilizochanganywa pamoja, rangi ya machungwa, harufu ya peremende. Nje kuna picha ya mtoto mwenye mashavu. Watu waliyaita matone ya Nakonde.

Nilianza kumpa Lugano matone yale kitovu hakijakauka. Hakuna aliyetufundisha vinginevyo. Darasani tuliambiwa vitamini ni afya, na mimi nikafanya hesabu ya kina mama wote wa Tunduma, kwamba kidogo kikifaa basi kingi kitafaa zaidi na mapema kitafaa kuliko baadaye. Maziwa yangu yalikuwa yanatosha kabisa. Lakini mtoto wa nesi apite bila kichupa, wakati mtoto wa muuza vitenge anacho? Kwa mji ule na kwa roho yangu, hilo halikuwezekana.

Mstari wa Lugano ulipanda mpaka ukatoka juu ya kijani. Kadi yake ilizunguka mikononi mwa kina mama, wakiniuliza, "Nesi, unampa nini huyu?" Nami nilijibu kwa sauti ya kusikika hadi meza ya mzani. Belina mwenyewe ndiye aliyekuwa akimtundika. Siku moja alisema, "Mama Lugano, huyu atakata kamba yetu," akamtazama Seba wake aliyekuwa amelazwa kwenye khanga pembeni, mwembamba, nukta zake katikati ya kijani na haziendi juu wala chini. Nikaona anamtamani wangu. Katika maisha yangu hakuna asali iliyonikolea kama ule mtazamo wa Belina.

Haikuchukua muda. Msimu wa baridi uliofuata, Lugano ameanza kutembea, nikiwa mezani nilisikia mlio mwembamba, nikadhani ni bawaba ya mlango. Mlango ulikuwa umefungwa. Mlio ulitoka kifuani mwa mwanangu. Nilimbeba mbio hadi kwa Mganga Mfawidhi nikisema nimonia, nimonia. Alimfungua nguo, akatazama mbavu, akaweka sikio.

"Nimonia ingemletea homa na kumbonyeza mbavu," akasema. "Huyu hana homa. Sikiliza vizuri, filimbi inalia anapotoa pumzi, siyo anapovuta. Mirija ya hewa inabana. Kwenu kuna mwenye pumu?"

"Kwetu hakuna."

"Na kwa baba yake?"

"Sijui. Lakini mtoto huyu amekula vitamini zote, Mganga."

Alinitazama kama mtu aliyetaka kusema kitu akakosa ushahidi wake. Akaandika pumu, nasi tukasubiri na kutazama.

Basi ndipo ulipoanza wivu wenyewe, na huo wa mwanzo wa masizi na mzani ulikuwa mchezo. Nilianza kumwonea wivu mtoto mdogo. Nilikionea wivu kifua chake. Seba hakupewa tone la Nakonde hata moja. Alinyonya, akaja akala uji wa ulezi, akalala jikoni kwenye moshi wa kuni, na akikohoa ilikuwa ni kwa kupaliwa. Wangu aliyepewa kila kitu alikuwa akikaa kitandani amejishika magoti anatafuta hewa. Nilikuwa nikimtazama mwanangu anahangaika, na mawazo yangu yanakwenda kwa mtoto wa jirani anayelala usingizi wake.

Nikaambiwa na wakubwa wa umri kwamba joto linafaa kwa kifua. Nikapanda Vwawa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kuomba uhamisho wa Kamsamba.

"Wenzako wanaomba kutoka kule," akasema, kalamu imesimama hewani. "Wewe unaomba kwenda?"

"Kwa ajili ya kifua cha mtoto, Mganga."

"Belina naye ameshahamia huko kwa mumewe. Mtafanya kazi pamoja tena."

Nikasema nashukuru.

Kamsamba ni bondeni, njia ya Ziwa Rukwa, na joto lake linakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Pale nilijifunza kazi ya mkoba, yaani kuwafuata kina mama waliko badala ya kuwangoja kituoni. Unabeba chanjo kwenye sanduku la barafu begani, mzani mkononi, unatembea hadi kwenye maboma ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, unatundika mzani kwenye boriti ya zizi na kliniki inaanza. Wale wafugaji walikuwa na adabu kubwa. Hawakuwahi kuniacha niondoke bila maziwa, hata wale ambao mwaka wa kwanza walikataa sindano.

Kuhusu kifua, joto lilisaidia hadi mavuno yalipofika. Mashine za kukoboa zilipoanza kurusha pumba, Lugano akabanwa kuliko alivyobanwa Tunduma. Na Seba? Seba alikuwa kifua wazi mchana kutwa, anakimbiza ndama, anaogelea mtoni, anarudi anahema kwa furaha tu. Nilikuwa nikimwita kila nikimwona.

"Seba, njoo nikusikilize kifua."

"Mimi siumwi, mama Lugano."

"Njoo tu."

Naweka chombo mgongoni, naweka mbele, juu, chini. Natafuta filimbi. Ndiyo, nilikuwa naitafuta, na msijifanye hamjui moyo wa mzazi. Siku moja Belina alitukuta.

"Mama Lugano, unatafuta nini kwenye kifua cha mwanangu kila siku?"

"Nampima."

"Umekipata?"

"Bado."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Aliijua nia yangu yote na bado akacheka. Nilitamani hata hicho kicheko, maana mimi wakati ule nilikuwa nimesahau kucheka hivyo.

Kisha ikaja siku ambayo sitaisahau. Nilikwenda mkoba ng'ambo ya mto, nikamwacha Lugano anacheza na Seba uani kituoni. Lugano alikuwa ameshaanza shule. Upepo ukaleta vumbi la mashine, akabanwa, na safari hii alibanwa mpaka midomo ikabadilika rangi. Belina ndiye aliyekuwa zamu. Alimchoma aminofilini, sindano ya kufungua mirija, ambayo lazima uisukume taratibu sana maana ukiharakisha moyo unakwenda mbio. Akamkalisha mapajani wima, mgongo wa mtoto kifuani kwake, akawa anampulizia sikioni polepole ili mtoto afuate pumzi yake. Nilipofika jioni, sanduku begani, niliwakuta vilevile. Lugano amelala, kichwa kimeegemea shingo ya Belina, pumzi zao zinakwenda pamoja.

Nikamshika bega mwanangu. Akafungua macho, akamtazama Belina, akasema, "Mama."

"Anakuita," Belina akaniambia haraka.

"Amekuita wewe."

"Ana usingizi huyu, hajui anasema nini."

"Amekuita wewe, Belina. Usinidanganye, mimi nina macho."

Nilimchukua mtoto. Nilisema asante, tena nilisema mara nyingi, na kila nikisema neno hilo lilinikwaruza kooni. Mtu amemwokoa mwanao, na wewe unasimama pale unataka akurudishie pumzi alizompa. Kwa miaka niliyobaki Kamsamba, Lugano alikuwa akimaliza shule anapitia kwa mama Seba kwanza, ndipo anakuja kwangu. Akibanwa usingizini alikuwa analitaja jina lake.

Nikaomba uhamisho wa Ileje. Nyumbani kwetu ni Mbebe, nikasema nataka kuwa karibu na wazazi. Mganga Mkuu wa Wilaya kule Itumba, makao makuu ya Ileje, alikuwa kijana mwenye miwani, ndiyo kwanza ametoka chuo kikuu. Alisoma faili langu akauliza, "Mtoto mwenye pumu, na ukungu wa milima hii? Umefikiri, Sista?"

"Nimefikiri."

Kitu nilichokuwa nimefikiri ni umbali wa kutoka Itumba hadi Kamsamba.

Nilikuwa tayari kulipia. Nilikwenda na vidonge, na blanketi, na hofu yote ya mama. Na katika ule ubaridi, kwenye ukungu ambao asubuhi huoni bendera ya ofisi ya wilaya ukiwa umesimama chini yake, Lugano akaanza kupona. Sisemi alipona kabisa. Ila vipindi viliachana, akarefuka, akawa anapanda vilima kwenda shule na wenzake. Niliuliza sababu, nikaambiwa watoto wengine hukua na kifua kinakua nao. Pumu haikufuata ramani yangu. Wala haikumsikiliza Belina.

Nikiwa Itumba ndipo Serikali ilipoanza kutoa vitamini A kwa watoto nchi nzima, na tukaitwa semina Mbeya, wauguzi wa wilaya zote. Mkufunzi wetu alikuwa daktari bingwa wa watoto, mpole, anayefuta ubao kwa leso yake mwenyewe. Alitufundisha kidonge laini cha mafuta: cha buluu kwa aliyetimiza miezi sita, chekundu kwa aliyetimiza mwaka. Unakata ncha kwa mkasi, unaminya mashavu ya mtoto taratibu, unadondosha yote mdomoni, humpi mama aende nacho nyumbani. Ni vitamini moja, kwa kipimo, kwa umri wake, mara mbili kwa mwaka, kwa sababu watoto wetu wengi walikuwa wanaikosa na kuikosa kunaua na kupofusha.

Belina alikuwa amekaa karibu yangu, maana hata pale walitupanga pamoja. Nikanyoosha mkono.

"Daktari, na yale matone ya dukani, ya mchanganyiko, anayopewa mtoto mchanga tangu siku za kwanza?"

"Ananyonya vizuri na hana tatizo lililoonwa na daktari?"

"Ndiyo."

"Basi hayahitaji. Ni fedha inayotupwa."

"Yanaweza kuleta pumu?"

Daktari alifuta ubao ambao haukuwa na kitu.

"Wako wanaochunguza jambo hilo," akasema. "Wengine wanaona kama wanaopewa mapema mno wanapata pumu zaidi. Wengine wametazama hawakuona tofauti. Na pumu ina mambo mengi, ina damu ya ukoo, ina moshi, ina vumbi. Mtoto mmoja akisimama mbele yangu siwezi kumwambia mama yake ndiyo, wala siwezi kumwambia hapana. Ninachoweza ni kumwambia asichanganye matone yale na hiki kidonge cha kliniki. Watu wakianza kuviogopa vyote kwa pamoja tutazika watoto kwa surua na kuhara."

Nilikaa. Ningependelea anipige kofi la ndiyo, nijue moja. Wakati wa chai nilijitenga, Belina akanifuata na vikombe viwili.

"Usinitazame hivyo, mama Lugano."

"Nakutazamaje?"

"Kana kwamba mimi nilijua. Ile chupa yako niliitamani mpaka nikalia. Nilimwomba baba Seba auze mbuzi aninunulie mwanangu, akakataa. Nilimnunia mwezi mzima. Ningekuwa na fedha Seba angekunywa kuliko Lugano."

Nilikunywa chai yangu bila kuionja. Ningeweza kumvumilia kama angekuwa ametumia akili kunishinda. Huyu alishinda kwa kukosa fedha ya chupa! Niambieni, mtu kama huyo unamwombea dua gani?

Turudi kwenye kazi. Miaka yangu ya mwisho niliimalizia Tunduma, ambako malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu kuliko foleni ya kliniki, na friji yetu sasa ni ya umeme. Pale nilikutana na uvumi ambao yule daktari aliuogopa. Kina mama walikuwa wanasema vitamini inaleta pumu, na walipoulizwa mfano walimtaja mtoto wa nesi, yaani wangu. Nilisimama mbele yao kila siku ya kliniki nikaeleza tofauti ya tone la duka na kidonge cha mkasi. Nilieleza hadi sauti ikakauka. Wengi walinielewa. Na ninyi mtakaokaa kwenye viti vyetu nawausia hili moja: kabla hujasoma mzani, uliza nyumbani mtoto anapewa nini, na uulize kwa upole, maana anayempa mwanawe kitu anampa kwa mapenzi, na ukimtisha atakuficha.

Lugano alikuwa amekuwa mwalimu wa chekechea. Ndoa yake haikukaa, akarudi kwangu na mtoto mchanga. Siku alipoambiwa habari za matone alinijia jikoni.

"Mama, na mimi ulinipa?"

"Nilikupa."

"Na Seba?"

"Seba hakupewa kitu."

Akafikiri kidogo. "Basi kwao hapakuwa na hela," akasema, akacheka, akaendelea kuchambua mboga. Sikupata hukumu nyingine kutoka kwake. Mwanawe hakumpa chochote ila ziwa, hadi miezi sita, kama tulivyofundisha. Hata maji hakumpa. Na mtoto yule alipofika umri wa kutambaa nikasikia filimbi ileile. Kwanza nilihisi mzigo umenishuka mgongoni, kwamba labda ni damu ya ukoo, labda siyo mimi. Kisha nikamwona Lugano amekaa kitandani na mwanawe, amemweka wima mgongo kifuani kwake, anampulizia sikioni polepole. Namna ya Belina. Ule wepesi ukaondoka.

Tulistaafu mwaka mmoja, mimi na Belina. Kwenye hafla yangu Muuguzi Mkuu wa Wilaya alisimama akasema, "Tunamuaga mmoja wa wale wawili," na watu wakapiga makofi. Hata kuagwa nilishindwa kuagwa peke yangu.

Mwaka uliofuata Belina alikuja Tunduma. Baba Seba alikuwa ameshafariki, kama baba Lugano kabla yake. Seba, na kile kifua chake, alikuwa dereva wa malori upande wa Zambia, huko Ndola, ana mke wa huko na watoto ambao Belina hajawaona. Hapigi simu. Belina alinywa maji, akatua bilauri, akasema kilichomleta.

"Nipe Lugano, mwenzangu."

"Nikupe kivipi?"

"Aje tukae naye Kamsamba, na mtoto. Nina nyumba kubwa na mashamba ya mpunga, yote nitamwandikia yeye. Shule ya chekechea ipo, nimeshaongea na mwalimu mkuu. Wangu alipumua vizuri akaenda zake. Wako alibanwa akabaki na wewe. Miaka yote hii nimekuwa nikikuangalia unavyomfunika blanketi, nikisema mwenzangu ana mtoto wa kushika, wangu hashikiki."

Nikamtazama Lugano. Alikuwa amesimama mlangoni na hakuonekana kushangaa.

"Mmeshaongea," nikasema.

"Tumeongea, mama. Nimekubali. Yeye hana mtu."

"Na mimi nina nani?"

"Wewe una mimi hata nikiwa kule."

Nilitaka kuvunja bilauri. Kwa umri wangu wote nilikuwa nimeomba Belina anionee wivu kweli, kwa kitu kikubwa, na sasa ameketi kwenye kiti changu analia machozi ya wivu, na kitu chenyewe anataka kuondoka nacho.

"Haendi," nikasema. "Kule kuna vumbi la mpunga. Kifua chake hakiliwezi, na cha mtoto ndiyo kabisa."

Belina akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ni vumbi la mpunga, au ni wewe?"

"Ni yote mawili."

"Basi nirudi kama nilivyokuja."

Akasimama. Lugano akaenda kumshika mkono, na nilipoona ule mkono unavyomshika, nikajua kwamba nikimwacha Belina atoke mlangoni peke yake, binti yangu atamfuata, leo au mwezi ujao. Njia iliyobaki ilikuwa moja, na ilinichukiza.

"Kaa," nikamwambia. "Mashamba kodisha. Nyumba weka mpangaji. Hapa kuna chumba kitupu upande wa barabara, utahamia hicho. Lugano simtoi. Ukimtaka, mkute hapahapa machoni pangu."

Alihama baada ya mavuno, na magunia ya mchele na sufuria zake zote. Tunaishi vizuri. Tunabishana juu ya chumvi, tunawakosoa wauguzi wa siku hizi, tunakwenda ibada pamoja, na mjukuu akibanwa tunamshika kwa zamu. Lugano huamka alfajiri kabla ya kwenda shuleni kwake, anachemsha chai na kutugawia vyumbani. Chumba changu kiko karibu na jiko, cha Belina kiko mwisho wa ukumbi. Kila asubuhi nasikia ndara za Lugano zinapita mlangoni kwangu bila kusimama, zinakwenda kule kwanza, namsikia anasema, "Shikamoo mama," na bado inaniuma.